Siku ya Mapumziko Unafanya Nini?

Kilwa Masoko
9 Machi 2025

Mjomba Faustino,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpe mkazamjomba Benadetha, na poleni na mvua, maana huku kwetu wiki ya pili sasa tunaanika nguo ndani. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, magoti yanamsumbua dada yako lakini mdomo hauna shida yoyote. Clemence, mwanangu wa kwanza, ameingia kidato cha pili na ananipita kichwa kizima. Chumba cha kushonea kinakwenda vizuri. Mimi na mwenzangu Sada tumepata nguo za Idi mpaka nyingine tunazikataa.

Sasa kaa chini. Mpwa wako nakimbia.

Simkimbii mtu. Nakimbia mbio. Mwezi wa kumi na moja nilipimwa presha zahanati, daktari akasema miaka thelathini na tisa ni mapema mno kuanza vidonge vya kila siku, nianze kwanza kutembea. Nikatembea. Siku moja kutembea kukanichosha, nikakimbia kutoka kona ya uwanja wa ndege mpaka nyumbani. Nilifika nimelowa jasho, miguu inatetemeka, nacheka peke yangu jikoni. Tangu siku hiyo sijaacha, na wiki iliyopita nimejiandikisha mbio za Lindi, Jumamosi tarehe 27 Septemba, kilomita ishirini na moja. Tumepewa muda wa saa tatu. Zikiisha, gari linapita nyuma kuwakusanya waliobaki. Mjomba, kwenye gari hilo sipandi.

Mama anasema huu ni wazimu wa upande wako. Anasema ulichaguliwa mbio za mkoa kabla hujaanguka kutoka kwenye mkorosho, na wote tunajua ulivyowakimbiza watoto wa shule miaka thelathini. Basi nifundishe na mimi. Ningepiga simu, lakini masikio yako nayajua. Mara ya mwisho nilikuambia mama ana homa, ukanijibu mbaazi zimeota vizuri. Kwa hiyo nakuandikia. Yassin, kondakta wa basi la Lindi, ataiacha barua dukani kwa Zakia pale stendi, na gari la Rondo likipanda litakuletea.

Mpwa wako anayerukaruka,
Apolonia


Rondo
30 Machi 2025

Mpwa wangu Apolonia,

Marahaba, na mkazamjomba wako anaitikia kutoka jikoni. Sisi wazima. Mbaazi ni kweli zimeota vizuri. Mwambie dada yangu Katarina magoti yake ni ya ukoo, asiyalaumu. Barua yako ilikaa kwa Zakia siku kumi na mbili kwa sababu gari lilinasa kwenye tope, halafu ikakaa kwangu siku tatu kwa sababu kila nikitaka kujibu naisoma tena. Kilomita ishirini na moja. Nimemsomea Benadetha sehemu hiyo mara mbili. Akaniuliza kama umekosa kazi.

Haya, sikiliza. Kwanza acha kuhesabu kilomita. Utaanza kushindana na mawe ya barabarani, na mawe hayachoki. Kimbia kwa saa: dakika thelathini ni dakika thelathini, kwenye tope na kwenye lami. Pili, punguza mwendo. Najua unakimbia kasi. Wote wanaoanza hukimbia kama wameiba kuku. Ukiwa njiani sali Salamu Maria kwa sauti. Ikitoka yote bila kukatika, huo ndio mwendo wako. Ikikatikia kwenye "umejaa neema", punguza.

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Jumanne na Alhamisi fupi, Jumamosi ndefu. Hiyo ndefu iongeze dakika kumi kila wiki, na kila wiki ya nne rudi nyuma kidogo ili mwili upumue. Siku zilizobaki pumzika. Mwili haujengwi siku unayokimbia, unajengwa siku unayopumzika, na hilo watoto wangu wa shule walilikataa kila mwaka mpaka nikastaafu. Barabara yenu imeinama pembeni, kwa hiyo usikimbie upande mmoja tu kila siku, utarefusha mguu mmoja. Raba tafuta za mitumba, nzuri zipo, ila mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya kidole, na kisigino kisiwe kimelika upande. Njiani usinywe maji, utapata kichomi.

Sharti ni moja. Ukiumia, hata ukucha, niandikie siku hiyohiyo. Unajua kwetu ilivyo, neno la mwisho juu ya mtoto wa dada ni la mjomba wake. Sipendi kulitumia.

Mimi mjomba wako,
Faustino


Kilwa Masoko
22 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka kwako na kwa mkazamjomba. Tumesherehekea vizuri. Sada ametuletea pilau, nasi tulimpelekea keki Idi yao, kwa hiyo tumelingana. Mama anauliza kama mmepata mbegu ya kunde aliyoituma.

Salamu Maria imenitia matatani. Nilipita stendi ya bodaboda alfajiri nasali kwa sauti, kanga kiunoni juu ya suruali, natoka jasho. Vijana wakashuka kwenye pikipiki. Mmoja akavua kofia. Nilipokuwa narudi akanifuata na pikipiki taratibu, akanipa pole ya msiba. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hizi wamezoea, wananiuliza tu, "Mama, leo unakimbizwa na nani?" Halafu Sada naye akaamua kukimbia, hata Lindi amejiandikisha. Anatoka baada ya swala ya alfajiri, tunakutana kona ya uwanja wa ndege, mimi nasali yangu na yeye anasoma Alhamdu. Ukitusikia tunakuja utadhani kuna mkutano wa dini.

Lakini mwendo ni kweli, Mjomba. Tangu nipunguze, sichoki. Jumamosi nilikimbia saa nzima na dakika tano! Sikusimama. Sikufa. Nilipomaliza nilitaka kumsimamisha kila mtu njiani nimwambie. Nimepata raba za kijani gulioni, nafasi ya kidole ipo, nimezipima mbele ya muuzaji mpaka akaniuliza kama nanunua raba au nyumba.

Nisamehe hapa. Muuguzi wa zahanati amesema habari ya kutokunywa maji ni ya zamani, kwa joto la huku pwani nitaanguka. Ameniambia ninywe kidogokidogo, na mbio zikiwa ndefu niweke chumvi kidogo na sukari. Nimenywa. Kichomi hakikuja.

Na swali: kwa nini wewe uliacha? Mama akifika kwenye mkorosho anabadilisha mazungumzo.

Apolonia


Rondo
14 Mei 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mbegu ya kunde imefika, mwambie Katarina asante. Baridi imeanza huku, Benadetha analala na blanketi mbili na bado ananilaumu mimi. Sisi salama.

Kuhusu maji, nimeshindwa. Nimefundisha kosa miaka thelathini na sasa nakumbuka watoto wangapi walianguka mstarini. Mshukuru muuguzi. Kunywa.

Saa moja na dakika tano! Barua hiyo nimetembea nayo mfukoni mpaka imechakaa. Sasa umefika mahali ambapo mbio zenyewe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine inaanza ukisimama. Ukimaliza mbio ndefu usikae kitako papo hapo. Tembea dakika kumi, mwili ushuke taratibu. Kula ndani ya saa moja, na ule chakula: muhogo au ndizi kwa nguvu, dagaa au kunde kwa kurudisha nyama ya miguu. Chai na andazi si chakula cha mtu aliyekimbia. Wewe una bahari. Ingia mpaka kiunoni, simama, tembeatembea ndani ya maji dakika chache, hakuna dawa inayopoza miguu kuliko hiyo. Jioni lala chali, miguu iegemee ukuta. Mafuta ya nazi paka kwa kuelekeza juu, kutoka kifundoni kwenda gotini, na usikandamize kama unakanda unga. Lala mapema. Kesho yake tembea kidogo tu, mguu usikakamae.

Nimekuchorea ratiba mpaka Septemba, iko nyuma ya karatasi hii. Nimeirudia mara nne, kwa hiyo usicheke mistari.

Kuhusu mkorosho, ulishakatwa zamani.

Faustino


Kilwa Masoko
9 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Mama anakusalimu. Idi hii ya pili imetukamata vibaya, tulishona mpaka mkesha wake. Ratiba nimeipata, asante sana. Jumamosi nilikimbia kidogo tu kwa sababu ya kazi. Kila kitu kiko sawa.

Apolonia


Rondo
21 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na wewe huna uzima.

Barua yako ina mistari sita. Hakuna bodaboda, hakuna Sada, hakuna mtu aliyekupa pole ya msiba. Umeandika "kila kitu kiko sawa", na mimi nimekuwa mwalimu. Mtoto aliyeniambia hivyo nilikuwa namwambia avue kiatu. Ni mguu gani?

Kabla hujajibu nitakuambia jambo, ili usione aibu peke yako. Sikuanguka kutoka kwenye mkorosho. Mwaka 1988 nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilichaguliwa mbio ndefu za mkoa kule Mtwara. Mjomba wangu alinikataza. Alisema mtu mzima hakimbii bila kufukuzwa, na kwamba shamba lilikuwa linaningoja. Nilikwenda kwa siri. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe ugoko ulianza kuniuma, na nikamwambia mwalimu wa mbio kila kitu kiko sawa. Ningesemaje, na mimi nilikuwa nimeshamkaidi mkubwa wangu? Kilomita ya kumi na sita mfupa ulikatika. Niliusikia, wakati huo masikio yalikuwa mazima. Nilikaa pembeni ya barabara na watu wakapita. Niliporudi nyumbani nimefungwa mguu nikasema mkorosho, na neno hilo limenikalia miaka thelathini na saba.

Msomee dada yangu barua hii, ajue.

Mimi sikukatazi, Apolonia. Najua mtu aliyekatazwa anafanya nini. Nataka kweli tu.

Faustino


Kilwa Masoko
30 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimelia na barua yako chumba cha kushonea mpaka Sada akafunga mlango.

Nimemsomea mama. Akasema alijua tangu siku ile. Amesema mwaka ule mikorosho yenu ilikuwa bado mifupi, hata mbuzi asingevunjika akianguka. Alikungoja useme mwenyewe. Anakupenda sana, na ameniambia nisiandike hivyo, nimeandika.

Ni wa kulia. Ugoko, upande wa ndani. Ulianza wiki moja kabla ya Idi, kama moto mdogo nikianza kukimbia, halafu unapoa, halafu jioni unarudi. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa neno lako la mwisho. Niliona ni afadhali niumie nikiwa bado nakimbia kuliko nipone nikiwa nimekatazwa. Sasa naona ndivyo ulivyofikiri na wewe.

Lakini Mjomba, sielewi. Nimefuata yote. Siku tatu tu, mwendo wa Salamu Maria, bahari, ukuta, dagaa. Wiki mbili zilizopita sikukimbia hata hatua moja, nimepumzika kabisa, na bado unauma. Sada anafanya yaleyale na hana tatizo. Labda mwili wangu haufai. Zimebaki wiki kumi na mbili na usiku naota lile gari la kukusanya watu, dereva wake ananifungulia mlango. Niambie la kufanya. Naogopa utasema niache, lakini niambie.

Apolonia


Rondo
13 Julai 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu zote baadaye, tumepata jibu, na si mimi niliyelipata.

Nilikaa na barua yako siku mbili naisoma kwa sauti. Benadetha alikuwa anachambua kunde, hata haangalii. Akauliza, "Siku ya mapumziko huyo mtoto anafanya nini?"

Nikamwambia anapumzika, ameandika mwenyewe.

"Anapumzika wapi? Si anashona?"

Apolonia, tulitazamana. Nikaenda stoo, nikatoa cherehani yake ya zamani, ile ya kukanyaga, nikaipangusa vumbi, nikakaa nikakanyaga pedeli saa mbili mfululizo bila kitambaa. Jirani alipita akasimama dirishani akaniangalia, akaondoka bila kusalimia. Nilipoinuka mguu wangu wa kulia, ule unaotangulia kwenye pedeli, ulikuwa umekaza kutoka kifundoni mpaka gotini. Saa mbili tu! Wewe kabla ya Idi ulikanyaga saa ngapi kwa siku, kumi? Na Sada unaniambia hana tatizo. Sada si ndiye mkata vitambaa?

Nimefurahi mpaka nimepiga meza. Mwili wako unafaa sana. Ulikuwa unakimbia siku tatu na kukanyaga siku saba. Mguu ulizoea cherehani miaka yote, na mbio ungezizoea, ila vyote viwili bila siku hata moja ya kupumzika umeshindwa, na wa nani usingeshindwa? Nilikuandikia pumzika kama vile kila mtu anajua maana yake.

Sasa fanya hivi. Bonyeza mfupa wa ugoko kwa ncha ya kidole, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Ukipata mahali pamoja padogo panapouma kuliko pengine pote, usisubiri barua yangu. Hata usipopapata, nenda hospitali wakupige picha, mimi sikupigwa. Picha ikiwa safi, wiki tatu usikimbie na usiguse pedeli. Badilishaneni na Sada, yeye akanyage, wewe ukate na kufunga vifungo, mguu juu ya kigoda. Tembea baharini kila siku, maji yakubebe. Wiki ya nne anza: dakika moja kukimbia, moja kutembea. Ongeza polepole. Siku ya mashindano kimbia dakika tisa utembee moja, tangu mwanzo, usingoje uchoke. Watakaokucheka mwanzoni utawapita kilimani.

Benadetha anasema niandike jina lake kwa herufi kubwa. BENADETHA.

Faustino


Kilwa Masoko
31 Agosti 2025

Mjomba na mkazamjomba BENADETHA,

Shikamooni. Mama hajambo, Clemence hajambo, bahari ipo. Nimechelewa kuandika kwa sababu niliapa sitaandika mpaka niwe na kitu cha kuandika.

Picha ni safi! Daktari alisema misuli na utando wa mfupa vimechoka, mfupa wenyewe mzima. Nilitoka hospitali nataka kukimbia kwa furaha nikakumbuka siruhusiwi, nikatembea nimeng'ata meno. Wiki tatu nilikaa na mguu kwenye kigoda kama bibi harusi. Sada alikanyaga. Mjomba, mwenzangu anajua kukata, lakini mshono wake unakwenda unakotaka wenyewe. Mteja mmoja alirudi na gauni akauliza kama limeshonwa wakati wa tetemeko. Tukalifumua, nikalirudia, kwa mguu wa kushoto. Sasa nimejizoeza kubadili miguu kwenye pedeli, na siku za kupumzika sikanyagi kabisa, nakata tu. Wateja wameambiwa. Wanaoharakisha waende kwingine.

Wiki ya nne nilianza dakika moja kukimbia, moja kutembea, najiona mjinga. Ya tano, tatu kwa moja. Jana Jumamosi nimekwenda saa mbili, tisa kwa moja, na nikabonyeza ugoko jioni yote natafuta maumivu. Hakuna. Leo asubuhi nimebonyeza tena. Hakuna. Umepona, Mjomba, naapa. Nilikuwa nimesahau ilivyo kukimbia bila kuusikiliza mguu. Nilikuwa nasikia ndege.

Nakuahidi, nikichechemea siku hiyo nitasimama mwenyewe.

Apolonia


Rondo
27 Septemba 2025, jioni

Mpwa wangu,

Leo salamu fupi, wote wazima. Nimeingia nyumbani saa kumi na bado nina viatu miguuni.

Najua ulishangaa kuniona. Sikukujibu barua ya Agosti kwa sababu nilishindwa kuiamini. Uliandika "umepona, naapa", na mimi ningekuwa na miaka ishirini na minne ningeandika hivyohivyo. Nisamehe. Jana nikapanda gari nikashuka Lindi, nikalala kwa kina Zakia, na alfajiri nikamchukua Ramadhani, kijana wa stendi, na bodaboda yake anipeleke kilomita ya kumi na sita, pale kilima kinapoanza. Nikamwambia asizime pikipiki. Nilikuja kukusimamisha. Nilishapanga: nikiona unachechemea hatua mbili, naingia barabarani, nakushika mkono, nakupakia. Neno la mwisho la mjomba ningelitumia hapo, mbele za watu, na ungenichukia, na mfupa ungebaki mzima.

Nilisimama saa nzima. Sikuangalia uso wa mtu, niliangalia miguu. Watu zaidi ya mia walipita, na kati yao naweza kukutajia wanane watakaolala hospitali mwezi ujao. Kisha nikaona raba za kijani. Niliinama mpaka nadhani watu walifikiri nimedondosha kitu. Kulia, kushoto, kulia. Ulitua sawa, Apolonia. Kisigino sawa, vidole sawa. Ulikuwa umechoka sana, mabega yamelegea, lakini mguu ule ulikuwa mzima kama mwenzake.

Kuanzia hapo sijui vizuri kilichonipata. Ramadhani anasema nilipiga kelele mpaka watu wakageuka, na akanishika shati nisiingie barabarani. Mimi sikujisikia, masikio haya siku hizi hata sauti yangu mwenyewe yananinyima. Nilimwuliza nilisema nini, akacheka tu, na njia nzima mpaka stendi niliona mabega yake yanacheka. Gari la Rondo linaondoka saa tatu kamili, na lingine ni Jumanne. Benadetha yuko peke yake na korosho zinaanguka, nikapanda.

Kwa hiyo sijui. Tangu tunatoka Lindi nilikuwa naangalia saa ya dereva. Saa tatu na robo, saa tatu na nusu, muda wenu umekwisha. Niandikie leo, kesho, mpe Yassin ambembeleze Zakia. Ulifika? Mguu ukoje? Na nilisema nini?

Faustino


Kilwa Masoko
5 Oktoba 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa mkazamjomba. Mama amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari juu ya bega langu na anataka nianze na jibu.

Nilifika. Saa mbili na dakika hamsini na mbili! Gari la kukusanya watu lilikuwa nyuma yangu, nalisikia linavyonguruma, na kulikuwa na watu ndani wananipungia mkono. Niliposhika mstari niliangalia kila upande nikutafute, mpaka msichana mmoja akanivisha medali kwa nguvu kwa sababu sikuwa nasimama. Sada alitangulia dakika ishirini, alikuwa amekaa kitako anakula tikitimaji, nikamwinua tukatembea dakika kumi kama ulivyosema. Kisha nikaingia baharini na medali yangu. Siku mbili nilishuka ngazi kinyumenyume, mapaja yamegoma, lakini ugoko nimeubonyeza kila asubuhi na kila jioni, na mama ameubonyeza, na Clemence ameubonyeza, hakuna kitu. Juzi nimerudi zahanati, presha imeshuka, na daktari ameiandika kwenye cheti pamoja na tarehe. Sijakimbia tangu siku hiyo na sijakanyaga pedeli. Napumzika, Mjomba. Nililala kitandani mchana wa Jumatano, mtu mzima na afya yangu, nikiangalia dari.

Sina hasira kwamba ulikuja kunisimamisha. Pale kilomita ya kumi na sita mguu ulikuwa mzima, ila mimi nilikuwa nimekwisha. Maji yalikuwa yameniishia, Salamu Maria ilikuwa inakatikia kwenye neno la kwanza. Nilikiona kile kilima nikajiambia basi, nitatembea mpaka mwisho, na gari linikute litakaponikuta. Nilikuwa nimeshaanza kupunguza. Ndipo nikamwona mzee mmoja amejikunja barabarani anaangalia raba yangu.

Umeuliza ulisema nini. Ulisema, "Huyo ni mpwa wangu." Hukusema kingine. Ulimwambia askari wa barabarani, ukawaambia waliokuwa wanagawa maji, ukamwambia mwanamume mmoja aliyekuwa ananipita, naye akageuka akanitazama vizuri kisha akanipisha. Mikono yako miwili ilikuwa juu. Huyo ni mpwa wangu, huyo ni mpwa wangu, mpaka nilipokata kona nilikuwa bado nakusikia.

Sasa mtu akishatangazwa hivyo mbele ya askari, Mjomba, anatembeaje?

Mpwa wako,
Apolonia